Programu iko Nsambya, dirisha liko Masajja: kutumia kompyuta ya mbali kwa njia salama

Rafiki yangu mmoja, Mkongomani anayeishi Masajja, anajifunza kuchora ramani kwa programu ya QGIS. Laptopu yake ni ya mtumba, ina ramu ya GB 2, na kila akifungua ramani yenye picha za setilaiti inaganda mpaka aizime kwa nguvu. Katika kituo cha jamii anakosomea, upande wa Nsambya, kuna kompyuta ya mezani yenye ramu ya GB 16. Kuanzia saa kumi na moja jioni kituo kinafungwa na kompyuta hiyo inakaa bila mtu. Kwa miezi kadhaa alipanda boda boda alfajiri ili apate kiti mapema, kisha akarudi jioni na kazi nusu. Halafu akapata mteja wa kwanza maishani mwake: ramani ya visima vya maji, ya kukabidhiwa Ijumaa.

Kazi hiyo aliimaliza usiku akiwa chumbani kwake, kwa laptopu ileile. Programu ilikuwa inafanya kazi Nsambya, na dirisha lake tu ndilo lililofika Masajja. Wengi wamemuuliza alifanyaje, wakimbizi na wenyeji pia, kwa hiyo tunaeleza hapa, pamoja na hatari zake.

Kompyuta mbili, kazi moja

Programu yoyote yenye madirisha na vitufe hufanya mambo mawili. Inapiga hesabu zake, na inachora matokeo kwenye skrini. Tumezoea kuona yote mawili kwenye mashine moja, lakini si lazima. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ulianza mfumo uitwao X ambao uliyatenganisha: programu iendeshwe kwenye kompyuta moja, dirisha lichorwe kwenye nyingine, na mtandao uwe katikati. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987 na mpaka leo linatumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. Vyuo vya wakati ule vilikuwa na kompyuta chache zenye nguvu na watu wengi waliozihitaji. Ukiangalia vituo vyetu vya Kampala, hali haijatofautiana sana.

X peke yake ina kasoro kubwa: kila kitu kinapita wazi. Ukiandika neno la siri, mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo anaweza kulisoma. Ndiyo maana siku hizi X hupitishwa ndani ya njia nyingine iitwayo SSH. Hiyo ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu nchini Finland, baada ya mtu kupenyeza programu ya kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake. SSH inayageuza yote yanayopita kuwa herufi zisizosomeka, na kompyuta mbili za mwanzo na mwisho tu ndizo zinazoweza kuzirudisha. Toleo la bure, OpenSSH, lipo tangu mwaka 1999, na leo limo ndani ya Linux, Mac na Windows za kisasa.

Hatua zenyewe

Kompyuta ya mbali iwe ya Linux. Msimamizi wake anatakiwa kuweka seva ya OpenSSH na programu ndogo iitwayo xauth, kisha ahakikishe faili la sshd_config lina mstari huu: X11Forwarding yes. Akufungulie akaunti yako mwenyewe. Msitumie akaunti moja watu kumi.

Kama laptopu yako ni ya Linux, fungua terminali uandike:

ssh -X jina@anwani

Hapo jina ni la akaunti yako na anwani ni ya kompyuta ya mbali. Ukishaingia, andika qgis, au libreoffice, au jina la programu unayoitaka, na dirisha litafunguka kwako. Kwa Windows unahitaji pia programu ya kuchora madirisha ya X. MobaXterm ina vyote viwili na toleo lake la bure linatosha. Kwa Mac weka XQuartz.

Mara ya kwanza kuingia, SSH itakuonyesha mfuatano mrefu wa herufi na kukuuliza kama unaitambua kompyuta hiyo. Ile ni kama alama yake ya kidole. Karibu kila mtu ninayemjua huandika yes bila kusoma, na mimi nilikuwa hivyo. Usifanye hivyo. Ukiwa kituoni, mwombe msimamizi akuonyeshe alama hiyo, uiandike kwenye daftari, kisha uilinganishe ukiwa nyumbani. Baada ya siku hiyo laptopu itaikumbuka yenyewe. Siku ukiona onyo kwamba alama imebadilika, usiendelee. Huenda kompyuta imewekewa mfumo mpya, na huenda pia kuna mtu amekaa katikati ya njia. Mpigie msimamizi simu kwanza.

Neno la siri ni kufuli dhaifu. Bora utumie ufunguo. Kwenye laptopu yako andika ssh-keygen -t ed25519. Utapata mafaili mawili. Lenye .pub mwishoni ndilo unalompa msimamizi, na hata likisambaa halina madhara. Jingine ni lako peke yako: halitumwi WhatsApp, haliwekwi kwenye flashi ya rafiki. Ukiulizwa kama unataka kulifunga kwa maneno ya siri, kubali. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja watu watano, na laptopu inapita mikono mingi.

Anwani inapatikana wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kompyuta ya kituo kwa kawaida haina anwani yake kwenye intaneti. Iko nyuma ya ruta, pamoja na simu na laptopu za kila mtu. Ukiwa ndani ya jengo utaifikia, ukitoka nje hutaiona. Msimamizi anaweza kuweka WireGuard, ambayo huunganisha laptopu yako na kituo kana kwamba uko ndani ya jengo, ingawa nayo inahitaji walau upande mmoja unaofikika kutoka nje. Au kituo kinakodi seva ndogo kwenye intaneti, na kompyuta ya mezani inaifungulia njia kutoka ndani.

Kinachofanywa na wenye haraka ni kufungua mlango namba 22 wa ruta kwa dunia nzima na kuacha neno la siri jepesi. Niliwahi kufanya hivyo nikijaribu. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zimejaa majaribio ya watu nisiowajua wakibahatisha majina kama root na admin. Kwa kweli si watu. Ni mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikisukuma kila mlango. Zima kabisa kuingia kwa neno la siri, acha ufunguo tu.

Intaneti ikikatika

Alhamisi usiku, rafiki yangu alikuwa amebakiza visima vichache. Njia ikakatika, dirisha likapotea, na pamoja nalo kazi ya saa nzima ambayo hakuwa ameihifadhi. Akampigia simu kijana Mganda anayesimamia kompyuta za kituo.

“Kaka, mashine imekufa?”

“Haijafa. Njia ndiyo imekatika, na programu ikafungwa nayo.”

Hiyo ndiyo tabia ya ssh -X: SSH ikikatika, programu nayo inaanguka. Dawa yake ni xpra, programu inayoshikilia madirisha kule kwenye kompyuta ya mbali hata usipokuwepo. Ukirudi, unayakuta kama ulivyoyaacha. X2Go nayo inafanya hivyo na inawafaa wanaotaka kuona dawati zima. Zote mbili zinaweza kupita ndani ya SSH, na hapo usalama unabaki uleule. Rafiki yangu aliwekewa xpra usiku huohuo. Njia ikakatika mara mbili zaidi kabla ya alfajiri, lakini Ijumaa saa nne asubuhi ramani ilikuwa kwa mteja.

Kuna sababu nyingine ya kupenda xpra. X ya kawaida ni ya maneno mengi: kufungua menyu moja kunaweza kuhitaji ujumbe kwenda na kurudi mara nyingi. Kati ya Masajja na Nsambya husikii tofauti kubwa. Lakini kama kompyuta iko Ulaya, kila mzunguko unachukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana ujumbe unashuka hadi pwani na kupita chini ya bahari. Mizunguko ikijumlishwa, menyu inafunguka kama mlango wenye kutu.

Kuhusu bando: kuandika maandishi na kujaza majedwali hula kidogo. Kusogeza ramani au picha hula sana, kwa sababu kila unaposogeza, picha mpya inatumwa. Video usijaribu. Ukiongeza -C kwenye amri ya ssh, data hubanwa kabla ya kutumwa. Tangu Julai 2021 kila bando nchini Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo ramani nzito ziache zikae kituoni na ushushe matokeo ya mwisho tu.

Umeme nao. Laptopu yako ina betri, kompyuta ya mezani haina. Yaka ikiisha kituoni saa nane usiku, xpra haitakuokoa. Uliza kama wana UPS, na uhifadhi kazi mara kwa mara. Na wenye kukumbuka uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wanajua kwamba zipo siku ambazo njia yoyote, salama au si salama, haipitiki. Kazi yenye tarehe iwe na nakala kwenye flashi.

Nani anamfungulia nani mlango

SSH inakukinga dhidi ya watu wa katikati. Haikukingi dhidi ya mwenye kompyuta ya mbali. Unapotumia X, unairuhusu kompyuta ile ichore kwenye skrini yako, na mwenye mamlaka kamili juu yake anaweza kutumia ruhusa hiyo kuona madirisha yako mengine na hata unachoandika kwenye kibodi. Amri ya -X iliwekewa mipaka kupunguza hatari hiyo, na -Y inaiondoa mipaka. Lakini kwenye Ubuntu na Debian -X imepangwa tangu mwanzo kufanya kama -Y, jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Kwa hiyo tumia njia hii na kompyuta ya watu unaowaamini, na ukiwa umeunganishwa usifungue benki wala barua pepe zako za siri. Skani ya kitambulisho chako cha mkimbizi au ya atestasyo usiiache kwenye kompyuta ya watu wengi.

Kuna jambo linalofanana na hili kwa sura tu, na limewaliza wengi. Mtu anakupigia, anasema anatoka shirika fulani, au ana kazi ya mtandaoni, au faili lako la kuhamishiwa nchi ya tatu limekwama. Anakuomba uweke AnyDesk au TeamViewer kwenye simu au laptopu, kisha umsomee namba zinazoonekana. Programu hizo ni halali na mafundi wengi huzitumia. Lakini tazama mwelekeo. Kwa SSH wewe ndiye unayekwenda kwenye kompyuta ya mwingine. Ukimsomea mtu zile namba, yeye ndiye anayeingia kwako: anaona ujumbe wako, anaona unapobonyeza PIN ya mobile money, na anaweza kubonyeza mwenyewe. Huduma za UNHCR na za washirika wake ni bure, na hakuna sababu ya mfanyakazi wao kutaka kuiendesha simu yako kutoka mbali. Kama umeshasoma namba hizo, kata intaneti papo hapo, ondoa programu hiyo, kisha badilisha PIN na maneno yako ya siri ukitumia simu nyingine.

Ukimaliza kazi

Funga programu, andika exit, ufunge na skrini ya laptopu. Laptopu ikiibiwa, usingoje kesho: mpigie msimamizi wa kompyuta ya mbali afute mstari wako kwenye faili liitwalo authorized_keys. Mstari huo ukiondoka, ufunguo ulioibiwa hauingii tena, na mafaili yako yanabaki kule yalipo mpaka upate laptopu nyingine na kutengeneza ufunguo mpya.