Soko la miguu inayowaka moto

Ukipita Makina au Kawangware 46 jioni, watu wakirudi kutoka vibaruani, utakuta meza za mitishamba zimebanana na viazi karai na mitumba. Kuna unga wa mlonge, mwarobaini, uwatu, habasoda na mafuta ya kuchua. Kwenye chupa, karatasi iliyotolewa fotokopi inaorodhesha maradhi kuanzia presha hadi nguvu za kiume, na sukari haikosi. Muuzaji hodari hataji ugonjwa kwanza. Anauliza dalili: "Shosho, nyayo zinachoma usiku? Ni kama unakanyaga misumari?" Shosho anasimama.

Anasimama kwa sababu huenda hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kliniki, na hapo ndipo ulipo mtaji wa biashara hii. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva zilizo ndefu zaidi, za miguuni, huumia kwanza. Hadi nusu ya wenye kisukari hupatwa na hali hii. Foleni ya hospitali ya umma ikiwa ndefu, muuguzi hupima sukari na presha, mgonjwa akaandikiwa metformin, na viatu havivuliwi. Muuza dawa ana muda wa kusikiliza.

Tena anauza kwa kadogo. Kijiko cha unga kwenye karatasi, chupa ndogo ya mafuta, tembe chache za vitamini zilizokatwa kwa makasi. Anayelipwa kwa siku hawezi kutoa pesa za mwezi mzima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kadogo humfaa. Lakini jumla ya mwezi haipigwi, na kwa jumla hiyo wengi wangenunua amitriptyline, tembe ya zamani na ya bei nafuu ambayo daktari huandika kwa maumivu haya.

Bei huwa chungu zaidi kwenye makopo ya virutubisho ya kampuni zinazouza kupitia wanachama. Mwanachama hununua bidhaa kwa pesa zake, kisha huwatafuta wateja katika ukoo, kanisani na kwenye chama. Aliyemwandikisha hupata kamisheni, na aliye juu yake pia. Mgonjwa analipia kopo pamoja na ngazi zote hizo. Tuliyaona haya kwa sura nyingine mwaka 2011, Wakenya walipofurika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe chenyewe cha dawa yake kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania. Pesa nyingi ziliishia kwenye nauli, mafuta ya gari na chakula cha njiani.

Je, ndani ya kopo kuna nini? Vitamini B12 ina kazi ya kweli: metformin ikitumiwa miaka mingi inaweza kuipunguza mwilini, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi. Aliyepungukiwa atafaidika, asiyepungukiwa anatupa pesa. B6, inayofungwa pamoja nayo, huharibu neva ikizidi kwa muda mrefu, jambo ambalo madaktari wa Marekani waliliandika mwaka 1983. Asidi ya alfa-lipoiki, inayosifiwa sana, ilichunguzwa na mapitio ya Cochrane ya 2024, yakaona kwamba baada ya miezi sita huenda haina faida ya maana. Pilipili nayo ina dawa: bandeji yenye asilimia 8 ya kapsaisini iliidhinishwa Marekani kwa maumivu haya mwaka 2020, lakini hubandikwa na mhudumu wa afya. Kujipaka pilipili mguu uliokufa ganzi ni kujiunguza bila kuhisi. Mlonge na uwatu huenda zikashusha sukari kidogo, na hapo pana hatari kwa anayetumia insulini. Sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba zinaponya neva.

Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza Bunge liunde chombo cha kusimamia tiba asilia. Lakini hata kwa usimamizi huo, mimi sitaki wauza mitishamba wafukuzwe barabarani. Wengi wao wanalea watoto kwa meza hizo. Nataka kliniki ichukue nafasi yao ya kumsikiliza mgonjwa. Kibera ilishaonyesha njia mwaka 2013 na 2014, Madaktari Wasio na Mipaka walipounda vilabu vya wagonjwa 25 hadi 35 wenye kisukari, presha au VVU. Walikutana na muuguzi kila miezi mitatu, wakapimwa na kuchukua dawa pamoja. Mwaka 2017 shirika hilo likaikabidhi kaunti kazi yake ya Kibera. Katika kikao cha namna hiyo, kukagua nyayo kwa uzi wa nailoni, unaobonyezwa hadi upinde huku mgonjwa akisema kama ameuhisi, huchukua dakika chache tu. Kaunti ya Nairobi ifanye hivyo Kibera, na ifanye hivyo Riruta kwa watu wa Kawangware.

Nawe unayeugua, vua viatu mbele ya muuguzi hata asipokuomba, na umwonyeshe kila chupa unayotumia. Na muuzaji yeyote akikuambia uache metformin au insulini ili dawa yake ifanye kazi, usimpe hata shilingi moja.