Ziwa Nyasa: Asili ya Ugomvi wa Mpaka

Mtu wa Ifakara akitaka kwenda Mahenge hana budi kuuvuka Mto Kilombero. Mto huo hututenga na ndugu zetu wa Ulanga, lakini hatujapata kumsikia mtu akidai kuwa maji yote ni ya ng'ambo moja, na kwamba mwenzake akitia mguu majini amevunja mpaka. Huku kwetu maneno hayo yangekuwa mzaha. Lakini katika Ziwa Nyasa, kusini yetu, yameandikwa katika mkataba, na mataifa mawili ndugu yamegombana kwa ajili yake.

Yawapasa vijana wetu kujua asili ya jambo hili. Tarehe 1 Julai, 1890, Wajerumani na Waingereza walitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland, kule Ulaya. Katika mkataba huo huo mpaka wa Nyasa haukupitishwa katikati ya ziwa, bali ukingoni mwa mashariki, mpaka mlango wa Mto Songwe. Mmanda, Mkisi na Mnyakyusa hawakuulizwa. Wala sisi wa bonde hili si wageni wa habari hiyo, kwani asili ya Wambunga wa Ifakara yafungamana na misafara ya Wangoni ya karne ya 19, iliyopita huko kusini wakati ambapo hapakuwa na mstari wowote njiani.

Baada ya Vita Vikuu vya 1914–1918, Waingereza, waliokwisha kuitawala Nyasaland, walikabidhiwa na Tanganyika pia. Bwana akawa mmoja pande zote mbili, na mpaka ukaachwa vile vile. Lakini mwaka 1954 Waingereza hao hao walipatana na Wareno kuligawa ziwa katikati, upande wa Msumbiji.

Ukaja uhuru. Mwaka 1964 wakuu wa Afrika walipatana mjini Kairo kuiheshimu mipaka waliyoirithi, na Malawi imeishika hoja hiyo. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza kuwa mpaka wake umo katikati ya ziwa, kama ilivyo desturi ya mataifa mengi. Rais Banda akakataa. Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, ugomvi ulifufuka, na baadaye marais wastaafu, wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji, walitafuta suluhu.

Hoja ya Malawi si ya kubezwa, kwani ukiubomoa mpaka mmoja, ni mingapi itakayobomoka baada yake? Lakini na tumfikirie mvuvi wa Mbamba Bay. Babu yake alivua humo kabla ya mkataba kuandikwa. Naye, kwa mujibu wa mkataba, akiusukuma mtumbwi wake majini huwa amekwisha toka nchini mwake. Je, hiyo ni haki?

Dini yetu imetufundisha kuwa maji ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana, na kwamba suluhu ni kheri. Basi wazazi, wasimulieni watoto habari hii bila chuki. Aliyeuchora mstari amekwisha ondoka. Waliobaki ukingoni ni majirani, na jirani ana haki yake.