Mwamba Uliofichwa na Skeli

Jioni ya tarehe 29 Novemba 2014, boti ya tanga ya Team Vestas Wind ilipanda mwamba katikati ya Bahari ya Hindi ikiwa na kasi ya noti 19, karibu kilomita 35 kwa saa. Ilikuwa njiani kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, katika hatua ya pili ya mbio za kuzunguka dunia za Volvo Ocean Race. Watu 9 waliokuwamo walinusurika wote, lakini sehemu ya nyuma ya chombo ilipondekapondeka. Mwamba wenyewe haukuwa siri kwa mtu yeyote. Mafungu ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius, yana visiwa, yana wavuvi, na yamo kwenye ramani za bahari tangu zamani sana. Yalikuwamo hata kwenye ramani ya kidijitali ndani ya boti hiyo.

Yalikuwamo, ila hayakuonekana. Waandaaji wa mbio walikuwa wamebadilisha mipaka ya eneo lililokatazwa muda mfupi kabla ya safari kwa sababu ya dhoruba, na njia mpya ikapita karibu na mafungu hayo. Mwongoza njia, Wouter Verbraak, aliikagua kwenye kompyuta akiwa ameirudisha ramani mbali, na kwa mbali hivyo bahari ya pale ilionyesha vina vya mita 40 hivi. Baadaye alikiri hadharani kwamba hakuikuza ramani kiasi cha kutosha. Jopo huru lililoongozwa na Chris Oxenbould, admeri mstaafu wa Australia, lilitoa ripoti yake Machi 2015. Halikuishia kwa mabaharia. Lilitaja pia kasoro katika jinsi ramani hizo zinavyoonyesha hatari zikitazamwa kwa skeli ndogo na za kati.

Kila anayetengeneza ramani kwa kompyuta leo, awe mpimaji ardhi, ofisa mipango miji au mwanafunzi wa jiografia mwenye programu ya ramani ya QGIS kwenye kompyuta yake ya mkononi, anafanya uamuzi uleule uliouficha mwamba ule: tabaka lipi lionekane, na kuanzia skeli ipi. Wengi huufanya kwa kuangalia ukubwa wa kitu. Kikubwa kinabaki, kidogo kinazimwa. Nashikilia kwamba hicho ni kigezo cha pili. Cha kwanza ni hiki: msomaji asipokiona kitu hiki hapa, atapatwa na nini?

Kuficha hakuepukiki, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini. Nyumba yenye upana wa mita 8 ingechukua milimita 0.16, nukta ambayo jicho halitaitambua kuwa ni nyumba. Kwenye skrini mambo ni hayohayo. Ramani nyingi za intaneti huanza na ngazi ya 0, ambapo dunia nzima imo katika kigae kimoja chenye pikseli 256 kila upande, na kila ngazi inayofuata hukuza mara mbili. Karibu na ikweta, pikseli moja ya ngazi ya 10 ni kama mita 153, na ya ngazi ya 16 ni mita 2.4. Nyumba ile ya mita 8 inamezwa kabisa kwenye ngazi ya 10. Kwenye ngazi ya 16 inapata pikseli tatu na kuanza kuwa na umbo. Ukilazimisha nyumba zote za Dar es Salaam zichorwe mtu anapotazama mkoa mzima, utapata doa la rangi moja, na kompyuta itahangaika kulichora kila anapoisogeza ramani.

Katika QGIS kazi yenyewe haichukui hata dakika. Unafungua sifa za tabaka, unaingia sehemu ya uchoraji wake, unawasha kisanduku cha kuonekana kulingana na skeli, kisha unaweka mipaka miwili. Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa, kwa sababu skeli ni sehemu ya hesabu: moja chini ya elfu ni kubwa kuliko moja chini ya laki. Kwa hiyo skeli ya chini kabisa ni ile yenye namba kubwa, ukiwa mbali, na ya juu kabisa ni ile yenye namba ndogo, ukiwa karibu. Tabaka la nyumba litakuwa na mpaka wa chini wa 1:10,000 hivi, na wa juu unaweza kuuacha wazi. Ukivuka mpaka, jina la tabaka linafifia kwenye orodha pembeni. Data haijapotea. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina hilo, na programu itakupa njia ya kukupeleka kwenye skeli inayoonekana.

Kuna jambo dogo hapo ambalo watu hulipita bila kuliona: mpaka wa juu unahesabika ndani, wa chini hauhesabiki. Ukiwa na ukanda wa pwani wa aina mbili, mmoja umerahisishwa na mwingine una kila hori, ukazipa zote mbili 1:50,000 kama mahali pa kupokezana, hazitapandana wala hazitaacha pengo. Kupokezana huku ni bora kuliko kuzima. Mtu anaporudi mbali hapaswi kuona patupu. Apewe sura nyepesi ya kitu kilekile.

Chukua ramani ya mafuriko ya bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, njia na mitaro na kuviweka kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap. Mtaro wa Tandale wenye upana wa mita moja, kwenye skeli ya 1:25,000, ni milimita 0.04. Kwa kigezo cha ukubwa, huo ungekuwa wa kwanza kuondolewa, na barabara ya lami ingebaki. Lakini anayeifungua ramani hii anataka kujua maji yatapita wapi. Kwake mtaro ni habari na barabara ni mandhari. Hapo ndipo kuchora kwa kanuni kunaposaidia, maana tabaka moja linagawanywa kwa sifa zake na kila kundi linapewa mipaka yake. Mto Msimbazi uonekane kwenye skeli zote. Mto Ng'ombe na vijito vingine vifuate kuanzia 1:100,000. Mitaro mikuu ianze 1:30,000, ikichorwa kwa mstari mnene kuliko upana wake halisi, na mitaro midogo isubiri 1:8,000. Daraja au kalvati inayoziba kila masika iwe na alama yake hata mtu akiwa mbali, ijapokuwa alama hiyo itafunika eneo kubwa kuliko kalvati yenyewe.

Wanamaji wameliandika hili kama sheria. Katika ramani rasmi za kielektroniki za meli, kitu kinaweza kupewa sifa ya skeli ambayo chini yake hakichorwi, ili skrini isisongamane. Hata hivyo, viwango vya kimataifa vinataja vitu ambavyo nahodha hawezi kuviondoa kwenye skrini. Kati yake ni ukanda wa pwani, mstari wa kina salama kwa chombo chake, na hatari za chini ya maji zilizosimama peke yake ndani ya maji yanayohesabika kuwa salama. Sisi wa nchi kavu hatuna kiwango cha namna hiyo, na natamani kila mradi wa ramani za maafa uanze kwa kuandika orodha yake ya vitu visivyozimwa kabla mtu hajagusa rangi.

Mpaka wa upande wa pili, ule wa kukaribia, huachwa wazi karibu kila mahali, na unaleta madhara ya aina nyingine. Mpaka wa kijiji uliochorwa kwa kufuata ramani ya 1:250,000, kwa kalamu ya nusu milimita, una unene wa mita 125 ardhini. Programu haijui hilo. Ukikuza hadi 1:2,000 itakuchorea mstari mwembamba na safi unaokata katikati ya shamba la mtu, na mtu mwenye simu mkononi atauonyesha kama ushahidi. Data ya namna hiyo izimwe inapokaribiwa kupita uwezo wake, au mstari ugeuke kuwa utepe mpana unaofifia kingoni, ili macho yenyewe yaone kwamba hapa hakuna uhakika wa mita.

Majina nayo yana mipaka yake, tofauti na ya tabaka. Mara nyingi nyumba zinaweza kuonekana mapema huku majina ya mitaa yakisubiri, la sivyo yanasukumana na programu inaanza kuyaacha baadhi bila kukuuliza.

Halafu kuna karatasi. Ukurasa wa kuchapisha una skeli yake, isiyofuata unayoitazama kwenye skrini. Umeandaa ramani ukiwa kwenye 1:7,500, mitaro yote ipo. Ukaiweka kwenye A3 kwa 1:20,000, na mitaro midogo ikatoweka, kwa kuwa programu imetii mipaka uliyoiweka mwenyewe. Ofisi ya serikali ya mtaa itaibandika ukutani hivyohivyo, na ukutani hakuna wa kuikuza. Basi iangalie kwanza kwenye ukurasa huo, kwa skeli hiyo, tabaka moja moja, na karibu na ufunguo andika kwa herufi zinazosomeka ni vitu gani ambavyo skeli hii haikuvionyesha.