Ametoka hospitali, lakini kichwa bado hakijarudi nyumbani

Ukitoka Goma kwenda Rutshuru, ukishapita Kibumba na Rumangabo, mbele kidogo unafika Kalengera. Nyumba ya shemeki yangu iko nyuma ya barabara, na hata saa sita za mchana madirisha yake yanafungwa. Mutu asiyewajua angefikiri kuna matanga. Apana. Ndani kuna baba mmoja ambaye mwangaza unamwumiza kama vile mwiba ndani ya jicho.

Ana miaka 41. Ni mchimbaji tangu ujana, na miaka ya mwisho alikuwa kwenye koltani huko Rubaya, upande wa Masisi. Jina lake simutaji, ameniomba hivyo. Lakini amekubali niandike, kwa sababu anaona wachimbaji wengi wanaumwa kichwa kila siku, kwa vumbi, kwa njaa, kwa hewa mbaya ya shimo, na hakuna anayewaambia kwamba kuna kichwa na kichwa.

Kile cha kwake kilikuja asubuhi moja, akivuta gunia la mawe kutoka ndani ya shimo. Hakikuanza pole pole. Kilimpiga mara moja, nyuma ya kichwa, akageuka kuangalia nani amemurushia jiwe. Hapakuwa na mutu. Kisha akatapika, shingo ikakaza, akashindwa kushusha kidevu. Wenzake walifikiri ni hewa imekwisha shimoni. Walipoona hapati nafuu hata akiwa inje, wengine wakataja karuho. Siku nzima ikapita kwa maneno ya sumu, na kwenye farmasi moja ya kandokando wakamuuzia vidonge na sindano ya maumivu. Alifika Goma siku ya pili. Skaneri ikaonyesha damu imemwagika kichwani.

Waganga wanaita ugonjwa huo anevrizima. Mwenye kuendesha moto ataelewa haraka: ni kama mpira wa ndani wa gurudumu, pale ulipochoka unavimba na kutokeza upele. Unaweza kutembea nao miaka mingi bila kujua. Inasemekana kati ya watu wazima 100, karibu 3 wanao uvimbe wa namna hiyo kwenye mshipa wa damu wa kichwa, na kwa wengi wao haupasuki hata siku moja. Tansio ya damu iliyo juu, tumbaku na pombe kali nyingi ndivyo vinauharibu zaidi, na kuna familia ambamo unarudi rudi. Ukipasuka, damu inaingia kati ya ubongo na ngozi zinazoufunika. Wengi wanakufa siku za kwanza, wengine hata hawafiki hospitali.

Shemeki alifika. Familia iliuza mbuzi na kipande cha shamba, wachimbaji wenzake wakachanga, tukavuka mpaka, akapasuliwa kichwa na kuwekewa kibanio kidogo cha chuma kwenye ule mshipa, kama kibanio cha nguo kwenye kamba. Kazi hiyo si mpya: daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1937. Siku hizi kuna pia njia nyingine bila kufungua fuvu, wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa kuanzia kwenye paja mpaka kichwani. Nayapitia haya haraka, kwa sababu si ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nilishika kalamu kwa yale yaliyokuja kisha kurudi Kalengera.

Siku ile aliporudi kulikuwa nyimbo, kuku na kasiksi. Watu wakasema: amepona. Kidonda kilikuwa kimekauka, anatembea, anasema, anamjua kila mutu. Kwa macho ya jirani, kazi ilikuwa imekwisha. Dada yangu mukubwa, ndiye bibi yake, alinipigia simu wiki tatu kisha pale, usiku, akisema kwa sauti ya chini.

— Huyu mwanaume balinirudishia, si ule yenye nilitumaga.

Alikuwa anamaanisha hasira. Mutoto akiangusha sahani, baba analia kwa makelele. Redio ya jirani ikilia, anatoka na fimbo. Siku moja alitupa bugali yote inje kwa sababu kijiko kiligonga sufuria. Kisha anakaa peke yake, anafunika uso, analia kwa haya. Kabla ya ugonjwa hakuwa mutu wa fitina. Shimoni walikuwa wanamwita yeye akapatanishe wenye kugombana.

Watu wa mtaa wakapata maelezo yao. Wengine: ni roho mbaya. Wengine: ni uvivu, mutu amezoea kulala hospitali. Na wale wenye kumdai falanga: anajifanya mgonjwa. Sitawacheka, maana hata mimi, nilipomuona mara ya kwanza amekaa kitako mchana kutwa huku dada anatoka shambani na kuni mgongoni, roho yangu ilisema jambo ambalo sitaliandika hapa.

Munganga mmoja wa Goma ndiye aliyetufungua macho. Alisema damu iliyomwagika inawasha zile ngozi za ubongo, na hata ikishanyonywa na mwili, maumivu ya kichwa yanaweza kubaki miezi, kwa wengine miaka. Yanakuja na kwenda. Tena ubongo wenyewe umeumizwa, na sehemu ya mbele ndiyo inayotushikia breki: kungoja, kunyamaza, kuhesabu kabla ya kusema. Breki ikilegea, hasira inatoka yenyewe. Mutu haichagui, sawa na mwenye mguu uliovunjika asivyochagua kuchechemea. Halafu kuna uchovu. Uchovu huu si ule wa mutu aliyechimba kutwa, ule ukilala unatoka. Huu unaamka nao. Mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja yanaweza kumaliza nguvu zake za siku nzima, kwa sababu kichwa chake hakiwezi tena kuchuja sauti: redio, mutoto, moto inayopita, yote yanaingia na nguvu moja.

Ikiwa mnafikiri haya ni ya maskini wa Rutshuru tu, msikilize ya Emilia Clarke. Ni mwigizaji wa filamu wa Uingereza, wengi wenu vijana mmemuona kwenye Game of Thrones. Februari 2011, akiwa na miaka 24, mshipa ulimpasukia kichwani akifanya mazoezi ya mwili huko London. Walimuokoa. Wiki mbili hivi kisha, jina lake mwenyewe lilikataa kutoka mdomoni. Maneno yalitoka lakini hayakuwa maneno. Mwenyewe alisimulia mwaka wa 2019 kwamba wakati huo aliomba waganga wamuache afe. Maneno yalirudi kisha wiki moja hivi. Akarudi kazini mapema, na kwa kipindi kile aliishi na maumivu na uchovu akivificha mbele ya kamera. Mwaka wa 2013 akapasuliwa tena huko New York. Mwanamke mwenye falanga, na hospitali za namna ile, na bado alitaka kufa kwa kukata tamaa. Nilimueleza shemeki hii habari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule mwanamke naye alikuwa anagombeza watu wa kwake.

Na Joe Biden, kabla hajawa rais wa Marekani, alipasuliwa kichwa mara mbili kwa ugonjwa huu mwaka wa 1988, Februari na Mei. Alikaa inje ya kazi yake ya useneta kama miezi saba. Miezi saba, na mshahara. Shemeki yangu alianza kuulizwa siku gani atarudi shimoni kabla nywele hazijaota kwenye kovu.

Hapo ndipo penye hatari, na ninaomba wake wa wachimbaji wasome vizuri.

Mwezi wa nne, dada alikuta vidonge chini ya godoro. Tramadoli, na vingine vya diklofenaki. Kijana wa Rubaya alikuwa anamletea. Wachimbaji mnavijua, vinapita mkononi kama sigara, vinaondoa maumivu ya mgongo na woga wa shimo. Lakini kwa mutu aliyevuja damu kichwani ni jambo lingine kabisa. Tramadoli inaweza kuamsha kifafa, na ubongo wenye kovu tayari uko karibu nacho. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinagusa namna damu inavyoganda, na diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha tansio. Zisimezwe mpaka munganga anayekujua aseme ndiyo. Dawa anayoruhusiwa ni parasetamoli, na hata hiyo ina mpaka: mutu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na aliye mwembamba sana au mwenye ini bovu achukue kidogo zaidi, kama munganga atakavyosema.

Kuna mtego mwingine ambao mimi sikuujua. Dawa za maumivu zikimezwa karibu kila siku, zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Parasetamoli zaidi ya siku 15 kwa mwezi, au tramadoli zaidi ya siku 10, mwezi kisha mwezi, na kichwa kinazoea: dawa ikiisha mwilini, kinaita nyingine. Mutu anafikiri ugonjwa umerudi, anaongeza kidonge. Shemeki alikuwa ndani ya duara hilo wiki nyingi. Kutoka kwake kulikuwa kubaya, kulifanyika pole pole na munganga akifuatilia, na siku kumi za kwanza nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Dada akanunua kaye ya shule. Kila jioni anaandika: amelala saa ngapi, kichwa kilianza wakati gani, kulikuwa na nini kabla. Kisha wiki chache waliona jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho. Siku za soko, kichwa kinakuja kila mara, kwa sababu ya makelele ya barabara. Siku alizokunywa maji kidogo, kinakuja. Na hasira, karibu zote, zinaangukia kati ya saa kumi na saa kumi na mbili za jioni, watoto wakiwa wanacheza wote na yeye amekwisha choka. Basi wakabadilisha: analala kisha chakula cha mchana, madirisha yamefungwa, na saa kumi watoto wanaenda kucheza kwa nyumba ya shangazi yao. Hasira hazikuisha. Zilipungua, na zikikuja, kila mutu anajua ni saa gani, hakuna anayefikiri ni uchawi.

Yeye mwenyewe alipata njia yake. Akihisi inapanda, anatoka anaenda kushika mti wa avoka nyuma ya jikoni, mikono yote miwili, mpaka ipite. Mwanzoni watoto walicheka. Sasa mdogo wa miaka mitano akikasirika, naye anaenda kwenye mti.

Lakini kile kinachomuuma kuliko kichwa ni kukosa kazi. Aliniambia hivi, tukiwa tumekaa gizani:

— Mukubwa, bibi yangu ndiye ananilisha. Mi niko mutoto wa ngapi hapa nyumba?

Sikuwa na jibu. Shimoni haruhusiwi, na sababu si moja. Kuvuta gunia kunapandisha tansio. Kifafa kikimshika kwenye ngazi ya shimo, anakufa yeye na pengine anaangukia mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kuendesha moto munganga amekataa mpaka sasa. Kwa hiyo tulitafuta kazi inayoweza kukatwa vipande vidogo: kuchagua mbegu za maharagi, kutengeneza mipini ya majembe, nusu saa, kisha pumziko, kisha nusu saa. Mipini sita kwa wiki. Mchimbaji aliyekuwa anabeba kilo 50 mgongoni anahesabu mipini sita. Siku za kwanza alizichukia kama matusi.

Nimuandike pia kwamba tunakosea. Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilimletea wageni watano bila kuuliza, tukacheka kwa sauti, na alilala siku mbili na kitambaa cha maji baridi usoni. Na dada naye anachoka. Kuna siku anamjibu kwa makali, na ana haki, hakuna aliyempasua kichwa lakini naye amepoteza bwana aliyekuwa naye.

Ishara ambazo haziwezi kungoja asubuhi, dada amezibandika nyuma ya mlango: kichwa kinachopiga ghafla kama cha siku ile, kifafa, upande mmoja wa mwili au wa uso kulegea, maneno kuchanganyika, usingizi mzito usioamshika, na pia kama mwendo unaanza kuyumba, mkojo unatoka bila kujua, na akili inazubaa, maana maji yanaweza kujaa kichwani hata wiki nyingi kisha damu kumwagika. Yoyote kati ya hayo, ni hospitali saa hiyo hiyo, si farmasi, na mgonjwa asikae peke yake nyuma ya moto. Karibu yao dada ameandika namba za simu za watu wawili wenye gari.

Sasa ni mwezi wa saba. Juma lililopita PDG wa shimo lake alituma kijana kuuliza kama nafasi yake ibaki au wampe mwingine. Nilikuwepo. Shemeki aliingia chumbani, akarudi na ile taa yake ya kichwani, akaiwasha, akaizima, macho yake yakajaa machozi kwa mwangaza au kwa lingine, sijui. Akaitoa betri, akaziweka mfukoni, taa akampa kijana.

— Umwambie betri ziko kwangu. Arudi kuuliza kisha mavuno ya maharagi.

Halafu akaomba radhi, ilikuwa saa yake ya kulala.