Taa za Mapambo Ndani ya Gari na Giza Analolihitaji Dereva

Msafiri anayeondoka Dodoma jioni kuelekea Mwanza huivuka Singida usiku. Tangu Serikali iliporuhusu mabasi ya abiria kusafiri kwa saa 24 mwaka 2023, barabara ya Manyoni, Singida, Shelui na Nzega hubeba abiria hadi alfajiri, sambamba na malori ya mizigo yaendayo Rwanda na Burundi. Ndani ya mengi ya magari hayo, na ndani ya Noah na bajaji za mjini, kumeenea pambo jipya: taa za LED. Nyingine zimezungushwa juu ya kioo cha mbele, nyingine zimefichwa chini ya dashibodi, na nyingine humweka kwa kufuata mdundo wa muziki.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama taa hizi hupofusha. Mwanga wa taa za mapambo ni hafifu mno ukilinganishwa na jua la mchana, na katika matumizi ya kawaida hauunguzi jicho la mtu mzima. Hatari yake ni ya namna nyingine: humnyang'anya dereva giza ambalo jicho lake linalihitaji ili lione mbele.

Jicho linavyofanya kazi usiku

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli za aina mbili. Seli zenye umbo la pia, takriban milioni 6, hutambua rangi na huhitaji mwanga wa kutosha. Seli zenye umbo la kijiti, takriban milioni 120, huona katika mwanga hafifu na hutambua kwa wepesi kitu kinachojongea pembeni.

Vijiti hutumia kemikali iitwayo rodopsini, inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga ukiipiga, rodopsini huvunjika, na kuijenga upya huchukua muda. Mtu anayetoka penye mwanga mkali na kuingia gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 ili vijiti vyake vifikie uwezo kamili, lakini mwanga wa ghafla huuharibu uwezo huo kwa sekunde chache tu.

Ni kweli kwamba dereva mwenye taa nzuri za mbele haendeshi katika giza totoro. Lakini hatari nyingi za barabara zetu hutokea nje ya duara la taa hizo: ng'ombe anayechomoza kichakani, baiskeli isiyo na kiakisi mwanga, au lori bovu lililowekewa matawi ya miti badala ya pembetatu ya tahadhari. Huko pembeni, vijiti ndivyo vinavyotangulia kuona.

Rangi nazo hazilingani. Rodopsini hunasa zaidi mwanga wa buluu-kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi. Kwa hiyo taa za buluu na nyeupe, ambazo vijana huzipenda zaidi, ndizo zinazoviathiri zaidi vijiti. Nyekundu iliyofifia huviathiri kidogo sana.

Kioo cha mbele

Tatizo la pili halihitaji darubini kulithibitisha. Usiku, kila taa iliyo juu ya dashibodi au kwenye dari hujiakisi kwenye kioo cha mbele. Mwakisiko huo huwa kama pazia jembamba la mwanga kati ya dereva na barabara. Vitu vyenye rangi iliyofifia, kama vile mtu aliyevaa nguo nyeusi, hupotea nyuma ya pazia hilo. Vumbi na mikwaruzo kwenye kioo huutawanya mwanga na kuongeza madhara.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husonga meta 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kumwona mwenda kwa miguu kwa sekunde moja tu, meta hizo zimekwisha kabla mguu haujagusa breki. Katika mteremko wa Sekenke, meta 22 ni nyingi.

Wanaoathirika zaidi

Lenzi ya jicho hupungua uwazi kadiri umri unavyoongezeka. Dereva wa miaka 60 hupata mwanga mchache zaidi kwenye retina kuliko kijana wa miaka 20, na huchelewa kurejewa na uoni baada ya kumulikwa. Mwenye mtoto wa jicho huteseka zaidi, kwa kuwa ukungu wa lenzi huutawanya mwanga. Mwenye upungufu wa vitamini A huanza kwa kutoona vizuri magharibi iingiapo. Mtoa huduma anayepokea dereva mwenye malalamiko ya kung'ariwa na taa usiku asiishie kupima usomaji wa herufi mchana. Aichunguze lenzi, na aulize kuhusu lishe na taa za ndani ya gari.

Kundi jingine ni watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, takriban 3 katika kila 100 wenye kifafa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo ya kuogopwa. Desemba 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walikimbizwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon chenye mimweko ya buluu na nyekundu. Abiria mwenye tatizo hili akikutana na taa zinazomweka afunike jicho moja kwa kiganja, ageuze uso, na kuomba taa zizimwe.

Nyaya na betri ya rimoti

Uzi wa LED wa meta 5 wenye mwanga mkali unaweza kula wati 72, yaani ampea 6 kwa umeme wa volti 12. Ukiunganishwa kwa waya mwembamba bila fyuzi, waya hupata joto, na shoti moja yaweza kuwasha moto. Malori mengi hutumia volti 24. Uzi wa volti 12 haufai kuunganishwa humo moja kwa moja.

Rimoti ya taa hizi mara nyingi hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama betri imekwisha nguvu. Dalili ni kutokwa na mate, kukataa chakula, kukohoa au kutapika. Wakati mwingine hakuna dalili. Usimtapishe. Mkimbize kwenye hospitali yenye eksirei. Ikiwa ana umri wa zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe njiani vijiko viwili vya chai vya asali, ambayo Singida imejaliwa, kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita. Kuitafuta asali kusicheleweshe safari. Mtoa huduma akumbuke kwamba kwenye eksirei betri huonyesha pete mbili ukingoni, tofauti na sarafu.

Ushauri kwa ufupi

• Zima taa zote za mapambo gari linapotembea usiku. Ziwashe likiwa limesimama.
• Kama ni lazima ziwake, ziwe chini ya viti, zilizofifia, za rangi nyekundu au ya kaharabu, na zisizomweka.
• Usiziweke juu ya dashibodi, kuzunguka kioo cha mbele, wala juu ya mfuniko wa mfuko wa hewa.
• Fundi aweke fyuzi na asizikwangue nyaya za breki au za taa kuu ili kupata umeme.
• Safisha kioo cha mbele, ndani na nje, kabla ya safari ya usiku.
• Weka rimoti mbali na watoto. Mfuniko wa betri ufungwe kwa skrubu au utepe.
• Dereva apime macho kila mwaka afikapo miaka 40.

Abiria naye ana haki ya kumwambia dereva, kwa upole: "Kaka, tafadhali zima hizo taa, tuone njia." Ombi hilo halimvunjii mtu heshima, na huenda likawafikisha wote salama.