Je, Wajua? Damu Inayolisha Neva ya Jicho

Je, wajua kwamba neva ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni 1 zinazopeleka habari ubongoni? Uzi ukifa, hauoti mwingine.

Je, wajua kwamba kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zinazolisha nyuzi hizo ni nyembamba mno? Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na bado hulazimika kujipenyeza humo, moja nyuma ya nyingine.

Je, wajua kwamba mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, wanafunzi wa udaktari huko Indiana, Marekani, walieleza namna ya kupiga picha mishipa ya retina kwa kumdunga mtu rangi ya fluoresini? Njia hiyo inatumika hadi leo. Mgonjwa huweza kupata kichefuchefu, na mkojo wake hugeuka manjano kwa muda.

Je, wajua kwamba angiografia ya OCT, yaani kupiga picha mishipa ya jicho kwa mwanga, haihitaji sindano? Unaweka kidevu kwenye kifaa, unakazia macho alama moja, unatulia sekunde chache. Mwanga hupitishwa palepale mara kadhaa. Nyama ya jicho haibadiliki, ila damu imekwishasogea. Kompyuta huchukua tofauti hiyo na kuchora mishipa.

Je, wajua kwamba damu ikipita polepole mno, mshipa hauonekani kwenye picha ya OCT ingawa upo? Wala picha hiyo haionyeshi mshipa unaovuja. Hapo fluoresini bado ina kazi.

Je, wajua kwamba katika ugonjwa wa Leber wa neva ya jicho, ambao mtu huurithi kwa mama, mishipa midogo kuzunguka neva huweza kutanuka kabla uoni haujapungua? Neva huonekana kama imevimba, lakini fluoresini haivuji.

Je, wajua kwamba kwenye glakoma (presha ya macho) kapilari hupungua pale pale nyuzi zilipokonda, mara nyingi kwa umbo la kabari?

Je, wajua kwamba glakoma, ingawa tunaiita presha ya macho, humpata hata mtu ambaye presha ya macho yake ni ya kawaida? Kwa hiyo kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Kama mzazi au ndugu yako anayo, nenda kapime mapema, na umwombe daktari aiangalie neva yenyewe.