Kabla hujatuma depositi ya kliniki Nakuru

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini kutafuta nafasi ya kliniki bado ni mambo ya simu na kujuana. Unaona kibao getini, unapiga, agenti anakuambia kuna daktari mwingine anaitaka, kwa hivyo utume kitu kidogo leo ndio akushikie.

Usitume bado. Nyumba nzuri ya makao pale Milimani haigeuki kliniki kwa sababu tu landlodi amekubali. Kama ploti imeandikishwa kuwa ya makazi, kaunti lazima iidhinishe mabadiliko ya matumizi kwanza. Muulize landlodi barua hiyo. Kama hana, nani ataitafuta na kodi itaanza kuhesabiwa lini? Pia fanya searchi ya ploti uone kama jina lililo kwa hati ni la huyo unayeongea naye.

Kisha kuna leseni. Madaktari hukaguliwa na KMPDC, na jengo lisilo na maji ya kutosha, sinki au mahali salama pa kuweka taka za sindano litakusumbua. Kuvunja ukuta na kupitisha mabomba ni pesa zako, kwa hivyo mkataba useme wazi unaruhusiwa kubadilisha nini, na ukihama unatoka na nini.

Muda wa mkataba ndio watu wengi huruka. Utashangaa kwa nini landlodi anasisitiza miaka 5 na miezi 3. Si bahati mbaya. Sheria ya Kenya, Cap 301, humlinda mpangaji wa biashara ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5. Huyo haongezewi kodi wala kutolewa hivi hivi tu: lazima apewe notisi ya angalau miezi 2, na anaweza kupinga mbele ya BPRT, jopo la kesi za kodi ya majengo ya biashara. Ile miezi 3 ya juu inakutoa kwenye ulinzi huo, kwa hivyo kinachokulinda kinabaki kile kilichoandikwa. Kama umenunua kiti cha meno na mashine ya eksirei, lipa wakili akusomee.

Sasa pesa. Tuseme kodi ni Sh60,000 kwa mwezi, na unaitishwa depositi ya miezi 3 pamoja na kodi ya miezi 3. Hiyo ni Sh360,000. Kama landlodi amesajiliwa kwa VAT, kila mwezi wa kodi unaongezeka Sh9,600, kwa hivyo uliza kama bei uliyopewa ina VAT ndani. Kwenye M-Pesa muamala mmoja hauzidi Sh250,000, kwa hivyo utagawanya mara mbili. Kwa kweli hiyo ni afadhali: tuma depositi peke yake na kodi peke yake, ili kila ujumbe uonyeshe ulilipia nini.

Lipa kwa Paybill au akaunti iliyoandikwa ndani ya mkataba, si nambari ya agenti. Jina likijitokeza na si lile la mkataba, katisha kwanza, piga simu, uulize. Na zile jumbe za malipo usizifute. Depositi hudaiwa siku ya kuhama, na hiyo inaweza kuwa miaka 5 kutoka leo, ukiwa umeshabadilisha simu mara mbili. Chapisha taarifa ya malipo, uiweke kwa faili moja na mkataba.